Maji Hukauka, Chumvi Hubaki



Kutoka kizingiti cha nyumba yangu hapa Tanga hadi ukingo wa maji ni hatua 300 za mtu mzima asiye na haraka, na usiku wa bamvua, upepo ukitulia, mawimbi nayasikia nikiwa kitandani. Nimezaliwa katika sauti hiyo, nikalelewa kwa samaki na tui la nazi, na kwa miaka mingi nilidhani, kama wadhanivyo wengi wa pwani, kwamba ujirani wa namna hiyo ni elimu tosha, na kwamba mtu aliyejua kupiga mbizi kabla ya kujua kuvaa viatu hana haja ya kufundishwa habari za bahari na mtu akaaye bara. Dhana hiyo ilinigharimu samaki wanne, kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, na sehemu kubwa ya kiburi changu. Nami leo, kwa idhini ya wenye kipindi, nataka kuwaeleza ilivyotokea, kwa faida ya yeyote ambaye ameona samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo, hotelini au katika televisheni, akatamani kuwa na tangi dogo kama hilo nyumbani kwake.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 80, upana wa 40 na kimo cha 40, nami hulijaza hadi sentimita 35, ambayo kwa hesabu ni lita 112. Muuzaji alinishauri nichukue kijitangi cha lita 20 kwa kuwa ndio kwanza naanza. Na katika yote niliyoyatenda mwaka ule, kuukataa ushauri huo ndilo jambo pekee nililopatia. Watu hudhani kwamba mwanafunzi apewe chombo kidogo ili hasara yake iwe ndogo, ilhali maji machache ni mwalimu mkali kuliko maji mengi: katika lita 20, samaki mmoja aliyekufa usiku nyuma ya jiwe, au saa mbili za jua la dirishani, hutosha kuyaharibu maji yote kabla mwenyewe hajarudi kutoka kazini, lakini katika lita 100 na zaidi kosa lilo hilo huja polepole, na humwachia mkosaji nafasi ya kulitengeneza. Sharti lake ni meza imara. Lita moja ya maji ya bahari huzidi kilo moja kidogo, basi lita 112 ni kilo 115 hivi, bila kuhesabu kioo, mchanga wala mawe. Mke wangu aliitazama meza yake ya mninga, kisha akanitazama mimi, na tangi likatafutiwa meza yake peke yake, katika pembe ya sebule isiyofikiwa na jua.

Maji niliyachota mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na bahari ikiwa safi kama kioo. Hapo pia bahati ilinisaidia kuliko maarifa, kwa maana laiti ningalichota wakati wa masika, mito ya Sigi na Mkulumuzi inapoteremka na matope ya milimani hadi ghuba yetu ikageuka rangi ya chai, ningaliingiza nyumbani maji yasiyo ya bahari wala ya mto. Mtu wa pwani atakaye kutumia maji ya pwani na angoje yajae, aende mbali na midomo ya mito, na mbali zaidi na gati na mafuta yake, achote palipo weupe, kisha ayachuje kwa kitambaa safi. Mimi nilichota, nikajaza, nikatia samaki, na nikakaa kitini kuitazama bahari yangu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kila Ijumaa, baada ya sala, nilipolitazama tangi niliona maji yamepungua kiasi cha sentimita mbili, yaani upana wa kidole na zaidi kidogo, kwa sababu ya joto na upepo upitao sebuleni. Nami kila Ijumaa nilimtuma kijana wa jirani na dumu, akaniletea maji mapya ya bahari, nikajazia mpaka pale yalipokuwa. Niliona ni jambo la insafu kabisa: samaki wa bahari, maji ya bahari. Baada ya wiki kadha nikaona ukoko mweupe umeota kwenye ukingo wa kioo, mahali maji yanaporukia. Nikaupangusa kwa kidole, nikauonja, ukawa ni chumvi, na hata hapo sikufahamu. Wiki ya sita kamba alikutwa amelala ubavu, na siku ya pili yake samaki wawili walikuwa juu kabisa ya maji, wakipumua kwa haraka kama watu waliopanda ngazi.

Nikampigia simu mpwa wangu. Yeye anasomesha kemia katika shule ya sekondari huko Dodoma, ambako bahari ni kilomita mia nne na ushei kwa barabara, na wakati ule alikuwa na tangi la samaki wa baharini mwaka wa tatu, jambo ambalo nilikuwa nikilifanyia mzaha kila alipokuja likizo.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Samaki wangu wanakufa.”

“Pole sana. Maji yakipungua unajazia maji gani?”

“Maji gani tena? Ya bahari. Kwani samaki ni wa wapi?”

Akanyamaza kidogo, kwa adabu. Kisha akauliza, “Mjomba, hapo kwenu chumvi huvunwaje?”

Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha, kwamba maji hufungiwa katika majaruba wakati wa bamvua, jua likayapiga, maji yakaenda zake hewani na chumvi ikabaki chini. Na sentensi hiyo sikuimaliza. Nilikuwa nimelima shamba la chumvi sebuleni mwangu. Hesabu tuliifanya pamoja pale pale kwenye simu: kila Ijumaa yaliondoka maji matupu lita 6 na nusu kasoro, na kila Ijumaa nikarudisha kiasi hicho pamoja na chumvi yake, Ijumaa sita ni lita 38 na zaidi, basi maji yaliyoanza na gramu 35 za chumvi kwa lita yalikuwa yamefika gramu 47 hivi. Nilipoazima haidromita kwa rafiki, kile kipimo kielezacho uzito wa maji, ambacho kwa bahari yetu hutakiwa kisome 1.025 au karibu yake, sindano ilipita 1.030 ikaendelea kupanda. Samaki wawili wale hawakuiona Jumapili.

Dawa yake ni nyepesi hata inaudhi. Kilichokauka ni maji matamu, basi kinachorudishwa ni maji matamu: yaliyotoneshwa au yaliyochujwa, si ya bomba yenye klorini. Tangu siku ile nimebandika utepe mwembamba kwenye kioo, mahali uso wa maji unapopaswa kuwa, na jagi la maji matamu halitoki pembeni mwa meza. Kila asubuhi, kabla ya chai, hutia vikombe vichache hadi maji yafike utepeni. Maji ya bahari, au ya chumvi, huingia siku ya kubadilisha tu, ninapotoa kwanza lita kumi na moja za zamani, kiasi cha sehemu moja katika kumi, ili kupunguza uchafu usioonekana.

Mpwa wangu huko Dodoma hachoti. Hununua chumvi ya paketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kilo nne na ushei kwa tangi kama langu, akaikoroga ndani ya pipa la plastiki kwa pampu usiku kucha kabla ya kuitumia. Nilimuuliza kwa nini asitumie chumvi ya jikoni, ambayo thamani yake ni ndogo mno kuliko ile. Akanisimulia habari ambayo nimeipenda kuliko zote nilizosikia katika shughuli hii. Meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari kuu za dunia tangu 1872 hadi 1876, ikiteka maji hapa na pale, ya juu na ya vilindini. Na mkemia mmoja, William Dittmar, akapewa sampuli 77 za maji hayo, akazichambua moja moja, na mwaka 1884 akachapisha matokeo yake, kwamba maji ya bahari kuu huweza kuzidiana kwa ukali, lakini nisba ya chumvi moja kwa nyingine ndani yake ni ile ile, ila kwa tofauti ndogo mno. Katika gramu 35 zilizomo ndani ya kilo moja ya maji ya bahari, sehemu 85 hivi kwa mia ni sodiamu na kloridi, vitu viwili vifanyavyo chumvi ya mezani. Zilizobaki ni salfeti, magnesi, kalsiamu, potasiamu na jamaa zao. Sehemu hizo kumi na tano ndizo samaki, kaa na konokono wasizoweza kuzikosa, na ndizo zisizokuwamo katika kopo la jikoni. Kwa kuwa nisba haibadiliki, mtu aliye Dodoma, au hata Bujumbura, aweza kuitengeneza bahari kwa mizani. Na mtu wa Tanga aliye nayo mlangoni aweza kuivuruga kwa dumu.

Hao niliowasimulia ni samaki wawili. Wawili wengine walikuwa wamekufa mapema zaidi, katika wiki ya kwanza, na kifo chao kilitokana na pupa.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, zaidi kwa njia ya mashavu yake, na chakula kinachooza chini huongeza amonia nyingine. Baharini sumu hiyo hupotea kama tone la wino katika kisima, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda. Na katika maji ya bahari, ambayo asili yake yameelekea ualikali, ukali wake huzidi kuliko katika maji ya mto. Waokoaji ni bakteria wa namna mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huvumilia ikiwa kidogo. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga na kuwaeleza viumbe hawa, karibu na mwaka 1890, alipokuwa akichunguza udongo. Nao ndio wapangaji wa kwanza wa kila tangi, kabla ya samaki. Hawaelei majini kwa wingi, bali hujishikiza kwenye mawe, mchangani na katika sifongo ya chujio, na huongezeka kwa taratibu yao wenyewe, wiki nne, wiki sita, pengine nane, wala hakuna pesa wala dua iwaharakishayo sana. Mimi niliwapa siku tatu.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilitia maji, mchanga na mawe, nikawasha pampu, kisha nikatumbukiza kamba mmoja mbichi wa kununua sokoni, nikamwacha aoze. Wageni waliokuja siku zile walilitazama tangi lenye taa, maji safi, na kamba aliyekufa, wakanitazama na mimi, wakaniuliza habari za afya yangu. Kila jioni nilichukua maji kidogo katika kijichupa, nikatia matone ya dawa ya kupimia, nikangoja dakika tano. Amonia ikiwapo, maji hugeuka kijani. Isipokuwapo, hubaki manjano. Wiki ya kwanza yalikuwa kijani cha majani ya mgomba. Wiki ya tatu kijani kikaanza kufifia, na kijichupa cha nitriti, ambacho desturi yake ni buluu, kikawa zambarau iliyoiva. Siku ya arubaini na moja amonia ilikuwa manjano na nitriti ilikuwa buluu, nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone maji yasiyo na kitu.

Vyombo vingine nitavipita haraka, kwa kuwa duka lolote litakueleza habari zake kuliko upendavyo. Pampu ya kuzungusha maji ni faradhi. Taa ya kawaida yatosha maadamu hufugi matumbawe hai, nawe mwaka wa kwanza usiyafuge. Hita yahitajika Dodoma, ambako usiku wa Julai una baridi. Hapa kwetu shida ni kinyume, kwani samaki hawa hutaka joto la nyuzi 25 hadi 27, na katika Machi tangi langu hupanda kupita 30 nisipoelekeza feni ndogo usoni pa maji. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, basi umeme ukikatika usiku wa joto, hatari huingia nyumbani pamoja na giza. Kuna usiku mmoja niliketi na kata hadi saa tisa, nikichota na kumimina kutoka juu, nikichota na kumimina, ili hewa ipate kuingia, na mke wangu akinishikia taa. Kulipokucha nikanunua kipuliza hewa cha betri.

Kata ile ilikuwa ya kifuu, na nasema hivyo kwa makusudi. Nyumba zetu za pwani zina vyombo vingi vya shaba, madele, birika na sinia, navyo visiingie kabisa katika maji haya: shaba kidogo iliyoyeyuka, ambayo samaki hataiona, huwaua kamba, kaa na konokono. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni mauti kwao, wala haichagui kati ya mbu na kamba. Mikono ioshwe kwa maji matupu, isiwe na sabuni wala mafuta.

Na mawe je? Swali hili huulizwa sana, na jibu la haraka, kwa mtu wa pwani, ni kwenda kuvunja matumbawe wakati wa maji kupwa. Philip Henry Gosse, Mwingereza ambaye kitabu chake cha 1854 kililieneza neno akwariamu kwa watu wa kawaida, mwaka mmoja baada ya nyumba ya samaki kufunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park huko London, aliwafundisha wenzake kukusanya viumbe wa vidimbwi vya miambani. Nao walimtii kupita kiasi, wakashuka pwani kwa makundi wakiwa na nyundo na mitungi, hata mwanawe, Edmund Gosse, alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vile alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwisha kuharibiwa. Tangu Tanga kwenda kusini upande wa Pangani tunayo, tangu 2009, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na matumbawe hai popote pale si mali ya kubebwa mfukoni. Mimi nilitumia mawe ya matumbawe ya kale, yaliyochimbwa nchi kavu, ndugu wa yale waliyojengea wazee wa Lamu, Unguja na Kilwa. Nikayasugua, nikayaloweka wiki tatu nikibadilisha maji, nikayapanga yawe na mapango. Bakteria hawakuyakataa.

Samaki pia ni heri kununua waliozaliwa tangini. Wale wa kuvuliwa, aghalabu, hujui walivyovuliwa. Sisi tunaoujua mmea wa utupa, na jinsi unavyowalewesha samaki wa vidimbwini, hatuna haja ya kuelezwa kwamba anayefika dukani akiogelea huenda asimalize mwezi. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, asiyekula, mwache. Na usitie wawili wawili kila wiki kwa tamaa ya rangi: bakteria wale wameongezeka kwa kadiri ya chakula walichopata, ukiwazidishia mzigo ghafla watashindwa.

Nilianza upya na wawili tu, wadogo, wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeupe, wa ukoo ule ambao baharini huishi kati ya minyiri iwashayo ya mnyama aliyejishikiza mwambani, na ambao katika bahari yetu wana jamaa zao, mmoja wao mwenye mstari mweupe wa mgongoni tu. Mnyama yule wa minyiri sikumnunua, kwa kuwa ni mgumu kufuga. Nao wakajichagulia pembe karibu na pampu, wakailinda kana kwamba wameirithi. Hawa huzaliwa wote madume. Mkubwa katika kundi hugeuka jike, na akifa, dume lake hugeuka jike na kushika nafasi yake. Jike langu liliruka usiku mmoja, nami sikuwa na wavu juu ya tangi. Alfajiri nilimkuta sakafuni, amekauka kama dagaa. Mjane wake alikaa peke yake miezi minne akinenepa, kisha nikamletea mwenzi mdogo, akamfukuza siku mbili, siku ya tatu akamwacha alale ubavuni pake.

Juzi, nilipokwenda na kikombe changu cha asubuhi, niliwakuta wote wawili mbele ya jiwe lililo karibu na pampu, yule mkubwa akiusugua uso wa jiwe kwa mdomo, mahali pa ukubwa wa sarafu, akiondoa mwani uzi mmoja mmoja, na mdogo akimwiga. Hivyo ndivyo wafanyavyo kabla ya kutaga. Nikampigia simu mpwa wangu Dodoma saa ile ile, kabla hajaingia darasani. Alifurahi sana, lakini kwanza aliniuliza kama nimeshajazia maji asubuhi hiyo, na ni maji gani.